Usipake hiyo krimu kwenye choa, mimi imeniachia alama mpaka leo

Acha. Hapo hapo ulipo acha kupaka, salamu baadaye. Umesema una duara mkononi linawasha, dukani wamekupa krimu, siku tatu muwasho umekata, sasa unauliza uendelee mpaka lini, kinga ya ngozi inafanyaje kazi na sabuni gani nzuri. Mkuu hiyo "muwasho umekata" ndo imenifanya niache viazi jikoni nije kuandika, maana na mimi nilishangilia hivyo hivyo.

Ilikuwa Juni, baridi la Uyole mnalijua, sweta mtu unalala nalo. Kikanitokea kiduara kiunoni usawa wa mkanda, kama sarafu ya mia, kingo nyekundu zimeinuka zina magamba, katikati safi. Choa kabisa, bibi yangu wa Tukuyu angekitambua akiwa mlangoni. Nikaenda duka moja la dawa Mwanjelwa, muuzaji hata shati hajaniambia nifunue, "aleji hiyo kaka, paka asubuhi na jioni". Siku ya nne ngozi laini kama ya mtoto, nikamsifia jamaa mpaka kazini, wawili wakaenda kununua kwa sifa zangu (nisameheni popote mlipo).

Kumbe bana kwenye tabaka la juu la ngozi kuna seli za ulinzi zinaitwa za Langerhans, Mjerumani Paul Langerhans aliziandika 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, na yeye akadhani ni za mishipa ya fahamu, kwa hiyo sio mimi tu niliyekosea kuhusu ngozi. Zenyewe zinanyakua kipande cha mdudu zinashuka nacho mpaka kwenye tezi, za kwapani au kinenani, kuwaonyesha seli nyeupe nani kaingia. Mishipa ya damu inatanuka, seli nyeupe zinamiminika, ndo unaona wekundu, joto na kuwashwa. Yaani muwasho ndo yowe lenyewe. Sasa choa ni fangasi, na krimu niliyopewa ilikuwa ya steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na muwasho: haiui fangasi hata mmoja, inawaziba midomo wanaopiga yowe. Mwizi yuko ndani anakula keratini, ile protini ya ngozi ya juu, majirani fofofo, na wewe unasema mtaa umetulia!

Nikiacha siku mbili linarudi na hasira, napaka tena, tyubu ya kwanza, ya pili, ya tano hiyo nikawa naikunja mkiani kama dawa ya meno. Kufika Oktoba choa kimetoka kiunoni kimehamia mgongoni na mapajani, na wala sio duara tena, kingo zimepotea, madoa madoa tu, wife akawa ananiita ramani. Nikacheka. Mwanangu alipoanza naye shingoni, tunalala blanketi moja, kicheko kikaisha. Na mapajani ngozi ikawa nyembamba ikachanika michirizi kama ya mjamzito, hiyo haijatoka, kaptula nimewaachia vijana.

Hospitali dada wa maabara akachukua kisu butu, akanikwangua magamba yakadondokea kwenye kioo, akatia tone la dawa, akaniita nichungulie hadubini: nyuzinyuzi kama mizizi ya nyasi. Hela niliyolipa haifiki tyubu mbili. Nikaanza vidonge vya fangasi, nyumba nzima tukapaka dawa ya fangasi, blanketi likachemshwa. Yule muuzaji nilimrudia nimuonyeshe mgongo, akaniuliza "nikupe nyingine?"

Kwa hiyo kabla hujakwanguliwa, steroidi isiguse duara, basi. Soma herufi ndogo kwenye tyubu, ukiona clobetasol au betamethasone, hizo ndo steroidi, weka pembeni, hata kama mbele wameandika inatibu na fangasi. Ukiacha utawashwa kuliko mwanzo, vumilia, ndo majirani wanaamka, na kesho asubuhi nenda kapime. Picha ya hiyo tyubu iweke hapa tuisome.