Umbali kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza barafu inawezaje kukaa karibu na nyota isiyeyuke. Nani kasema iko karibu? Ukisikia habari za joto, uliza umbali kwanza.

Hiyo nyota uliyoisoma, HD 181327, bado changa: ina miaka milioni 23, na Jua letu lina bilioni 4.6. Iko miaka-nuru 155 kutoka kwetu, imezungukwa na vumbi. Mwaka 2008 darubini ya Spitzer ilidokeza kwamba humo huenda mna barafu. Mwaka 2025 watafiti wa darubini ya James Webb wakathibitisha. Pembezoni mwa vumbi hilo, barafu ni zaidi ya asilimia 20. Katikati ya vumbi, kama 8. Upande unaoielekea nyota, karibu hakuna kitu: mionzi ya urujuanimno, ule mwanga wa nyota usioonekana kwa macho, inaimaliza, tena haiyeyuki hata, inageuka mvuke moja kwa moja.

Ni ile barafu ya harusi ya mama yako mdogo! Tuliitoa Tanga kwa basi kwenda Lushoto, magunia mawili, mapande yamefukiwa kwenye maranda. Mjomba wako, unamjua, akang'ang'ania lake likae mbele ubavuni mwa injini, eti alione. Langu nikalisukumia nyuma kabisa. Kufika, lake ni maranda yaliyolowa tu. Langu likatosha sharubati ya wageni wote. Na bado bibi zako wakanisimanga mimi, kwamba nilikuwa nafungua magunia njiani. Mjomba wako yuko pale pale, kimya, anakunywa sharubati yangu.

Kwa hiyo umbali kwanza. Ingawa, haya, umbali hautoshi. Kule vimondo vya barafu hugongana na kumwaga chembe mpya kila mara, la sivyo ingekwisha. Halafu barafu yenyewe ni ya fuwele, yaani chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, kama ya pete za sayari ya Zohali. Iliyoganda kwenye baridi kali mno haina fuwele mpaka ipate joto kidogo. Sasa ya pembezoni ilionja joto lini? Hapo mama yako ananyamaza.

Najua unataka niseme kama bahari zetu zililetwa na mawe ya barafu kutoka mbali. Wengine wanasema maji mengi yalikuwemo kwenye miamba ya Dunia tangu mwanzo, na hoja yao si ya kudharau. Sitoi hukumu. Ila ukinibana sana, mimi niko upande wa gunia la nyuma.

Mama yako