Bangkok wewe ni mwenyeji lakini mfalme wao muache kabisa

Mkuu umeuliza kama ni sawa kuwachana rafiki zako wa Bangkok kuhusu mfalme wao na ugomvi wao wa mpaka na Kambodia, maana unaenda mara kwa mara kufata nguo soko la Pratunam na unajiona mwenyeji sasa. Kwa mfalme hapana, hata kupost usithubutu. Kifungu cha 112, sheria ya Thailand ya kumtusi mfalme, ni jela miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa na ugeni haukuokoi, 2025 kuna mhadhiri Mmarekani alikamatwa kwa hilo, kesi ikaja kuachwa ila kazi ilishaenda.

Halafu usiseme Wathai waoga, si kweli. Uchaguzi wa 2023 chama cha Move Forward kilipata viti vingi kuliko chama chochote, na mwaka uliofata mahakama ikakivunja kwa sababu kilitaka kurekebisha hicho hicho kifungu, sasa mtu aliyeona hivyo ataongea na wewe siasa katikati ya duka, mbele ya wateja? Yule mama mwenye duka atakutabasamia tu, ila ukiona kashika tena kalkuleta anakuandikia bei ujue mada imefungwa, usiendelee.

Kambodia uliza, usihukumu, Julai 2025 watu wamekufa pande zote mbili na maelfu walikimbia makwao. Na saa 2 asubuhi na 12 jioni wimbo wa taifa ukipigwa stesheni, simama kama wao, simu mfukoni.

Marekani na China ongea utakavyo, ushuru wa Trump umewauma na wao.