Rangi ya kwenye chupa inachuruzika

SWALI: Dada mambo, mi nimepaka chupa za jemu ziwe taa za mishumaa kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu, nikatumia rangi ya chakula na maji tu, yote imeshuka chini imebaki michirizi kama mtu kalia na wanja. Nakosea wapi? Msomaji, Tabata.

JIBU: Poa mdogo wangu, hiyo ya wanja imenichekesha. Maji matupu hayashiki kwenye kioo, changanya rangi na gundi nyeupe ya mbao, ile ya maduka ya vifaa vya ujenzi, vijiko viwili vya gundi kwa nusu kijiko cha maji. Itaonekana kama maziwa, usiogope, ikikauka inakuwa angavu. Ila kwanza osha chupa na sabuni uikaushe, maana hata mafuta ya kidole yanaacha doa. Paka kwa nje na sponji, ndani kuna moto bwana, halafu ifunike kichwa chini juu ya vijiti viwili isigandie, na kwa unyevu huu wa Dar iache mpaka kesho yake. Ndani weka mchanga kidogo, mshumaa mfupi ukae katikati. Na usizioshe tena, rangi itatoka yote.