Shangazi Anajibu: Tuihesabuje Pasaka na watoto?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Tororo, mama wa watoto watatu, mkubwa ako boding, wawili wa miaka 9 na 5 tuko nao nyumbani. Krismasi wanaihesabu wenyewe bila kuambiwa, lakini Pasaka tunashtukia tu ni Ijumaa Kuu, mbio sokoni kutafuta kuku na bei imeshapanda, watoto wanajua nguo mpya na soda basi. Nataka kitu cha kuhesabu siku chenye maana, na pesa sina.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pesa haihitajiki hapa, unahitaji karatasi ngumu na mkasi, hata boksi la sabuni linatosha.

Wagiriki wana desturi moja naipenda sana. Wanachora mwanamke, wanamuita Kyra Sarakosti, yaani Bibi Kwaresima, hana mdomo ju amefunga, mikono ameikunja anasali, na chini ana miguu 7. Kila Jumamosi mtoto anakata mguu mmoja, wa mwisho unakatwa Jumamosi Kuu. Wengine wanamtengeneza kwa unga na chumvi lakini kwako mimi naona karatasi, unga upike posho. Na hesabu inakubali hata kwetu, maana kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka, Jumamosi zilizopo ni 7 kamili. Huyo wa miaka 5 siku 40 hazimuingii kichwani, lakini miguu iliyobaki anaiona ukutani.

Huyo wa 9 jiandae, atachukua kalenda ahesabu apate siku 46 afu akuulize mbona kanisani wanasema 40. Mwambie Jumapili 6 hazihesabiwi kwenye mfungo, kila Jumapili ni sikukuu ya ufufuko. Mpe na kazi yake: ile Jumatano apande maharage kwenye kopo lililotobolewa chini, amwagilie mwenyewe hadi mvua za Machi zishike, hamisheni nje yakikua. Ikifika Pasaka yanaweza kuwa yameanza maua, na yakichelewa si neno, mboga itakuja tu.

Nyuma ya kila mguu andikeni jambo moja la kufanya wiki hiyo, la ukweli si la kupendeza mchungaji. Kumchotea maji bibi jirani. Ijumaa mle bila nyama, pesa yake iingie kwenye kopo la sadaka na watoto waione ikiingia. Usiandike "kuwa mtoto mzuri", hiyo hakuna mtoto anaielewa, hata mimi.

Sasa mkubwa. Pasaka mara nyingi inakuta muhula wa kwanza haujaisha na simu shuleni haziruhusiwi, kwa hivo mguu mmoja uwe wake, ukienda kumtembelea mpelekee na barua ya wadogo zake, akate mwenyewe. Usimwache nje ya hesabu ati ni mkubwa, hao ndo wanakumbuka sana.

Na mkichelewa mkaanza Jumapili ya Matawi, sawa tu. Hayo matawi yawekeni ukutani msitupe, parokia nyingi zinayakusanya mwaka unaofuata na kuyachoma yawe majivu ya Jumatano, mtoto akipeleka lake mwenyewe anaona mwaka umezunguka.

SWALI: Shangazi, mimi baba wa Arua. Watoto wameona mayai ya rangi kwenye TV wanayataka. Si ni mambo ya wazungu hayo?

JIBU: Baba, zamani kanisa lilikataza mayai wakati wa mfungo, kuku nao hawakujua, wakaendelea kutaga, kwa hivo Pasaka ikifika mayai yamejaa nyumbani watu wanayafurahia. Si uchawi huo. Kusanyeni maganda ya vitunguu vyekundu, chemsheni na mayai, weka siki kidogo, yanatoka rangi ya udongo mwekundu safi kabisa, hakuna rangi ya duka. Ila chemsheni Jumapili asubuhi yaliwe asubuhi hiyo hiyo, kama huna friji usichemshe Alhamisi ati umewahi, kwa joto la Arua hiyo mtaila hospitali.