Usikope, wala usikae hivyo hivyo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa jikoni nangoja mahamri yaumuke. Kazi ya hoteli imekwisha mwezi wa tano, kadi ya bima ya kazini imekufa nayo, na kampuni uliyoiendea imekutajia bei ya kukata pumzi, halafu ikasema pumu ya mtoto ingoje mwaka mzima ndipo igharimiwe. Unauliza ukope kwenye chama uilipe hiyo, au ukae hivyo hivyo mpaka msimu wa wageni urudi.

Usikope, wala usikae hivyo hivyo. Lipia SHA, ile bima ya afya ya serikali.

Najua hutaki kuisikia, na ya mitaani hata mimi nayasikia. Lakini ile haikuulizi unaumwa nini ndipo ikupokee. Mimi na miaka yangu 61, wakala wa kampuni alikuja hapa barazani, akanywa chai yangu vikombe viwili. Nilipotaja sukari akafunga faili lake taratibu, akaaga. Hata kalamu yake hakuirudia. Ndiyo hii ninayoandikia.

Ulipokuwa na mshahara ulikatwa asilimia 2.75, hukuhisi. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Haipungui shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hupanda kwa kadiri ya majibu yako: paa la nini, sakafu ya nini, choo, maji, unapikia nini. Kujisajili ni kwa simu tu, *147#. Jibu kweli, ila usijishaue. Mimi nilijishaua. Nikavitaja kwa madaha vigae alivyotia marehemu baba yako, ambavyo ni vya chumba kimoja, na kiwango kikaja cha mwenye ghorofa. Ukishindwa kuzitoa zote pamoja iko Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia huo mwaka kisha unaurejesha kidogo kidogo. Soma masharti yake kwanza.

Mtoto akibanwa kifua usikimbilie hospitali kubwa kama alivyozoea enzi za kadi ya hoteli. Zahanati na vituo vya afya, kiwango cha 2 na cha 3, vina mfuko wao wa serikali. Ukishasajiliwa hutozwi, hata kama mchango wa mwaka hujaulipa. Dawa ya kuvuta isipokuwepo utainunua nje, kwa hiyo weka 200 kila wiki. Mimi zangu hukaa kwenye kopo la Blue Band nyuma ya unga, na wewe usimwambie ndugu yako.

Kinachovunja nyumba ni kulazwa. Hospitali ya kiwango cha 4, kama ya kaunti ndogo, bima huilipa 3,360 kwa siku, ya kiwango cha 6, ile kubwa ya rufaa ya taifa, huilipa 4,480. Ya binafsi huenda ikakudai nyongeza juu ya hizo, basi uliza kabla mgonjwa hajapewa kitanda. Baba yako alipolazwa, kadi yetu ilikuwa na deni la miezi miwili. Mwenye kusahau nilikuwa mimi, hela nilizitia kwenye arusi ya binamu yako. Nilisimama dirishani na kitambulisho mkononi, yule binti akanigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe. Tulichangisha siku nne. Shangazi yako aliuza mbuzi.

Msimu ukirudi na bado unaitaka bima ya kampuni, uliza ya kulazwa peke yake. Huwa nafuu kuliko ile yenye kliniki na meno na miwani.

Jumamosi njoo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitambulisho cha mumeo, tuwaingize wote chini yako. Na sufuria yangu ya pilau uje nayo.

Mama