Panya alipungua kwa sindano, je na mimi?

SWALI: Dokta habari za Arusha. Mimi ni msomaji wako wa Pasua, Moshi, nina miaka 41, watoto watatu na kilo 97. Kuna sehemu hapa mjini wanatibu unene kwa sindano za Kichina (akupancha), wanakuchoma tumboni na chini ya goti alafu wanaunganisha na kamashine kadogo ka umeme, elfu 35 kila ukienda na wanataka uende mara 12. Nikauliza inafanyaje kazi, yule kijana akatoa simu akanionesha picha ya panya wawili, mmoja bonge mmoja wa kawaida, akasema mama hii imethibitishwa na watafiti. Mume wangu anacheka anasema kwani wewe ni panya. Naomba unijibu bila kuzunguka, hayo mambo ya panya ni kweli au napigwa kamba? – Mama Watatu, Pasua

JIBU: Mama Watatu, kwanza mwambie shemeji asicheke sana, maana sehemu ya ubongo inayosema "nimeshiba" na inayosema "bado, ongeza" zimepangwa karibu sawa kwake na kwa panya, ndo maana watafiti wanaanzia huko. Tafiti za sindano na panya wanene zipo kweli na ni nyingi, hasa kutoka China. Ila hiyo picha inanitia wasiwasi.

Mimi sijaiona hiyo simu, lakini picha maarufu kuliko zote ya panya bonge kando ya mwenzake haina uhusiano wowote na sindano. Yule bonge ni wa ukoo uliogundulika mwaka 1949 kwenye maabara ya Jackson kule Maine, Marekani, anazaliwa na hitilafu kwenye jeni moja (maelekezo ya urithi ndani ya mwili), anakula kama hana mwisho. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman pale chuo cha Rockefeller, New York, wakaipata hiyo jeni wakakuta kazi yake ni kutengeneza homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili kwenda kuuambia ubongo kwamba akiba ipo ya kutosha. Wakaiita leptini. Wakamchoma bonge leptini, akakonda! Kampuni ya Amgen ikalipa dola milioni 20 kuchukua haki za hiyo kitu, kila mtu akajua unene umekwisha duniani. Alafu wakajaribu kwa watu wanene wa kawaida, matokeo yakatoka 1999, wengi walipungua kidogo sana, kwasababu mtu mnene kwa kawaida leptini anayo tele, ishu ni ubongo hausikii. Waliofaidika hasa ni wale watoto wachache sana waliozaliwa bila leptini kabisa. Kwahiyo panya kukonda ni jambo moja na mama wa Pasua kukonda ni jambo lingine, na hapo tulikuwa na homoni inayopimika kwenye damu, sio sindano.

Sasa tuje kwenye sindano zenyewe. Wanachofanya mara nyingi ni hivi, wanachukua panya weupe wa maabara, wanawalisha chakula ambacho asilimia 45 au hata 60 ya kalori zake zinatoka kwenye mafuta, kwa wiki kadhaa mpaka wanenepe, alafu wanawagawa makundi. Kundi moja linachomwa kwenye pointi kama Zusanli, ile ya chini ya goti upande wa nje, na Tianshu ya tumboni, na Sanyinjiao ya juu ya kifundo cha mguu, wanapitisha umeme mdogo wa kama miliampia 1, mara nyingi mapigo 2 kwa sekunde, dakika 20 au 30, mara kadhaa kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kundi lingine halichomwi, na kwenye tafiti nzuri linakuwepo la tatu linalochomwa sindano za geresha, yaani pembeni ya pointi au bila umeme.

Na kweli tafiti nyingi zinaripoti kwamba waliochomwa wanakula kidogo, sukari inakaa vizuri, kwenye ubongo ishara za shibe zinapanda na za njaa zinashuka. Nyingine zinasema mafuta meupe yanaanza kugeuka kuwa ya kahawia, yale yanayochoma nguvu kutoa joto. Na usifikiri ni mambo ya kujidanganya tu, mwaka 2021 kwenye jarida la Nature kundi la Qiufu Ma wa Harvard walionesha kwamba umeme mdogo kwenye mguu wa nyuma wa panya, maeneo ya Zusanli, unasafiri kupitia aina fulani ya neva mpaka kwenye tezi ya adrenali, ile iliyo juu ya figo, na kutuliza sumu ya bakteria isivimbishe mwili, wakati umeme huohuo ukiwekwa tumboni haufanyi hivyo. Ule haukuwa utafiti wa unene, ila unaonesha mahali unapochoma pana maana yake.

Sasa mimi ninapokwama ni hapa. Nikiwa nasomea mifugo Morogoro nilipewa kazi ya kupima panya uzito kila asubuhi, unamweka kwenye bakuli la plastiki juu ya mzani wa jikoni, yeye anatoa mkia nje, mshale unacheza 310, 320, 310, unasubiri atulie. Wiki ya kwanza walikuwa hawanijui. Nikimshika tu anajinyea mkononi, na kesho yake ukiangalia chakula kwenye kizimba kimebaki nusu. Mikono yangu tu hiyo, sindano haijagusa mtu! Sasa fikiria panya anabanwa kwenye mfuko wa kitambaa au bomba nusu saa, au analazwa usingizi wa dawa siku ya Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, yaani hata usipomchoma popote atakula kidogo na uzito utashuka. Kama kundi la kulinganishia lilikuwa limekaa tu kizimbani linatafuna, basi hujui umepima sindano au umepima woga. Ukisoma tafiti hizi anza kuangalia hapo, kabla ya grafu nzuri nzuri. Na yule anayechoma siku zote anajua anamchoma nani, kwahiyo anaweza kupendelea bila kukusudia.

Kingine ni neno "kupungua". Panya wengi kwenye hizi tafiti bado wanakua, na wanaendelea kula lile chakula la mafuta, kwahiyo "kupungua" mara nyingi maana yake ni kwamba waliongezeka kidogo kuliko wenzao. Mwisho wa utafiti wana gramu nyingi kuliko walivyoanza. Wewe ukiambiwa utapungua unafikiria gauni la kitenge la mwaka juzi kuingia tena, sio kuongezeka taratibu.

Na hilo la mafuta ya kahawia, panya ni mdogo, joto linamtoka haraka, anayategemea sana. Mtu mzima nae anayo, ilithibitishwa vizuri 2009, ila ni kidogo, shingoni na juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, kwahiyo faida ya panya huwezi kuizidisha kwa kilo zako ukapata jibu.

Kwa binadamu majaribio yapo, baadhi yanaonesha kilo chache za ziada yakiunganishwa na kubadilisha mlo, lakini mengi ni madogo na yamepangwa vibaya. Ndo jibu langu, mambo ya panya ni kweli, ila yule kijana amekuuzia barua ya utangulizi kama vile ni hati ya nyumba.

Ukitaka kwenda nenda, hela ni yako, laki nne na ishirini. Ila uliza kama wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sindano zitolewe kwenye pakiti mpya mbele ya macho yako, na kama una mimba, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una kifaa cha moyo, sema kabla hawajawasha mashine. Dawa za presha au sukari usiache hata wakikuambia uache, HASA wakikuambia uache. Mimi hiyo hela ningeanza nayo kupima sukari na presha. Ukipungua asilimia 5, kwako ni kama kilo 5, tayari presha na sukari zinaanza kukushukuru. Na mtori hauna kosa dada yangu, nina mashaka zaidi na soda na yale maandazi ya saa nne.

SWALI: Kwanini wanahangaika na panya wakati watu wanene wapo na wako tayari kuchomwa? – Mwanafunzi, Kijenge

JIBU: Kwasababu mwisho wa utafiti panya anauawa, ubongo unakatwa vipande vyembamba, mafuta ya tumboni yanatolewa yanapimwa kwenye mzani. Nani atajitolea?

Pia panya unajua alichokula tangu aachishwe maziwa. Mtu anakuambia anakula mboga za majani tu, jioni unamkuta Kwa Mrombo kwenye nyama choma.

SWALI: Dokta shikamoo. Mbwa wangu jike alifungwa kizazi, sasa kawa kama pipa, kupanda ngazi anahema. Je akupancha inaweza kumsaidia? – Kijana wa Sakina

JIBU: Marahaba. Akupancha kwa mbwa ipo, madaktari wa mifugo wa nje wanaitumia zaidi kwa maumivu ya mgongo na nyonga. Kwa unene usihangaike, kwa mbwa jibu liko kwenye bakuli, na hapa utafiti wa wanyama unakuhusu moja kwa moja. Marekani walichukua Labrador 48 wakawapanga wawili wawili, mmoja anapewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake, maisha yao yote. Matokeo yalitoka 2002, wale waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi. Miaka miwili kwa mbwa ni mingi!

Pitisha vidole ubavuni taratibu, mbavu unatakiwa uzihisi bila kukandamiza. Usipozihisi, punguza. Mbwa aliyefungwa kizazi anahitaji chakula kidogo kuliko zamani ila hamu inabaki ileile au inazidi, kwahiyo pima kwa kikombe kimoja kilekile, asubuhi na jioni, basi. Na kabla ya yote kaongee na mlinzi, maana mbwa wengi wa Sakina ninaoletewa wakiwa mapipa, ukichunguza kuna mtu anawagawia ugali na mifupa saa tisa usiku ili wasimbwekee.