Re: Tanzia zinafukiwa na matangazo ya pweza

Waaleikum salaam. Kwa hiyo kundi la WhatsApp la shehia yenu hapo Wete limechanganya tanzia, matangazo ya pweza na mizaha, na watu wamekosa maziko kwa sababu tangazo lilizama.

Anza na mpangilio kabla ya kugombana na watu. Fungua Jumuiya ndani ya WhatsApp (mwavuli unaokusanya makundi kadhaa), ingiza kundi la zamani libaki la mazungumzo, ongeza jengine la biashara. Sehemu ya matangazo hujitokeza yenyewe, na humo wanaandika wasimamizi tu. Tanzia ziende huko. Weka wasimamizi watatu au wanne, akiwemo mwanamke. Akiwa mmoja na simu imezima, maiti atazikwa watu hawana habari.

Tanzia itaje jina la marehemu na la baba yake, nyumba ya msiba, msikiti, saa ya sala na makaburi. Iandikwe, isiwe sauti tu: maandishi ndiyo yanayotafutika.

Anayeleta pweza penye mazungumzo mjibu faraghani. Ukimsahihisha mbele ya watu utajibiwa na ukoo mzima (Pemba hii!). Akirudia, msimamizi anaweza kuufuta ujumbe kwa wote.